Maumivu ya Chuchu Yasifichwe

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niwaeleze neno ambalo wengi wetu hatulisemi, nalo ni maumivu ya chuchu za mama. Najua wako watakaouliza, Je, neno kama hili lafaa kusomwa nyumbani mbele ya watoto na wakwe? Mimi nami zamani nalisema vivyo hivyo. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi haya inavyomfunga mtu kinywa, hata ugonjwa ukapata nafasi ya kumla polepole. Kwa hiyo sitaki kunyamaza tena. Mama mkwe wangu, ambaye habari zake zimo humu, amenipa ruhusa, akasema, "Andika, mwanangu, ila jina langu uliache." Basi jina nimeliacha, na la kwangu pia.

Mwaka 2017 nalikuwa nikifundisha shule ya msingi upande wa Mikumi, nami nalikuwa na mimba ya kwanza. Mama aliyenizaa alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo siku zilipokaribia, mume wangu alinipeleka Kilosa kwa mama yake, nijifungue karibu naye na kukaa kwake siku arobaini. Tulipanda basi dogo, tukapita Ulaya, si Ulaya ya ng'ambo, bali ile ya kwetu iliyo njiani kati ya Mikumi na Kilosa, tukafika jioni. Baada ya siku chache nikajifungua salama mtoto mwanamume. Tukamshukuru Mungu, majirani wakaja na kuni na unga, na nyumba ikajaa furaha.

Siku ya tatu maziwa yalishuka kwa wingi, na pamoja nayo yakaja maumivu. Kila mtoto aliposhika chuchu nalisikia kama wembe unanipita. Nalikunja vidole vya miguu na kuuma upindo wa kanga nisipige kelele. Mama mkwe aliniona, akasema kwa upole, "Vumilia, mwanangu. Kila mwanamke aliyenyonyesha ameipita njia hii. Chuchu zikikomaa hazitauma tena." Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo, maana alinena lile alilofundishwa na mama yake. Jirani mmoja alisema kwamba mtoto amecheua akiwa kifuani, basi yafaa titi lichanwe kwa kitana. Mwingine alisema mtoto apewe uji mwembamba ili asinyonye mara nyingi. Nami mwalimu, niliyesoma miaka mingi, sikuwa na neno la kuwajibu.

Siku ya sita chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka. Usiku ule mtoto alicheua maziwa yenye damu. Nikadhani mwanangu yu karibu kufa. Nalikificha kitambaa chini ya mkeka, nikalia mpaka alfajiri, wala sikumwamsha mtu. Tazameni, ndugu, jinsi haya ilivyo na nguvu! Nalikuwa tayari kuogopa kifo cha mtoto peke yangu gizani kuliko kumwambia mtu kwamba chuchu zangu zinatoka damu.

Asubuhi yake ilikuwa siku ya kumpeleka mtoto kliniki. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, aliniuliza, "Mama, unaumwa mahali?" Nikajibu, "Siumwi." Akanitazama, akaniambia nimnyonyeshe mtoto mbele yake. Mtoto alipokamata, mabega yangu yakapanda yenyewe mpaka masikioni. Yule muuguzi akacheka kidogo, akasema, "Kinywa kimesema huumwi, lakini mabega yamesema kweli." Ndipo machozi yakanitoka nikamweleza yote, hata kile kitambaa cha chini ya mkeka.

Kwanza aliniondolea hofu. Aliniambia kwamba damu aliyoicheua mtoto ilikuwa damu yangu mwenyewe, aliyoimeza kutoka katika mipasuko ya chuchu, wala haimdhuru, maadamu mtoto ni mchangamfu na ananyonya. Pili akanionyesha kosa langu. Nalikuwa nikimpa mtoto chuchu tupu, kama mtu anyonyaye ncha ya muwa. Chuchu ilibanwa kati ya ufizi na kaakaa lake gumu, na kila alipovuta ilisuguliwa. Alipoachia, tuliiona imebonyea upande mmoja kama kalamu iliyochongwa vibaya. "Hiyo ndiyo alama," akasema. "Chuchu itokayo kinywani imebonyea, jua mtoto hakukamata vema."

Kisha akanifundisha namna, nami nawaandikia kama nilivyofundishwa, kwa kuwa namna hii yawafaa mama wengi kuliko dawa yo yote.

Mama akae kitako na mgongo wake uegemee, asiinamie mtoto. Mtoto ndiye aletwe kwenye titi, wala si titi lipelekwe kwa mtoto. Tumbo la mtoto lielekee tumbo la mama, na kichwa na mgongo wake viwe katika mstari mmoja, asinyonye huku amepinda shingo. Pua yake iwe mbele ya chuchu. Mama amguse mdomo kwa chuchu, angoje mpaka kinywa kifunguke wazi kabisa kama mtu apigaye miayo, ndipo amvute karibu upesi, kidevu kikitangulia kugusa titi. Kinywa kijazwe, si chuchu tu, bali sehemu kubwa ya lile duara jeusi linaloizunguka, hasa upande wa chini. Mdomo wa chini ugeuke nje. Hapo chuchu hufika nyuma, mahali palipo laini katika kaakaa, wala haisuguliwi. Mtoto aliyekamata hivi husikika akimeza, na mashavu yake huwa ya mviringo, hayaingii ndani.

Ikiwa maumivu hayapungui baada ya mivuto michache ya kwanza, mama asivumilie. Atie kidole kisafi pembeni mwa kinywa cha mtoto, avunje ule mvuto, kisha aanze tena. Asimvute mtoto kwa nguvu, maana kuvuta huko ndiko kunakochana ngozi.

Muuguzi alinikataza pia kuosha chuchu kwa sabuni kila mara, kwa sababu sabuni huondoa mafuta ambayo Mungu ameyaweka katika ngozi ile. Maji ya kuoga yatosha. Baada ya kunyonyesha nikamue matone machache ya maziwa yangu, niyapake juu ya chuchu, niyaache yakauke kwa hewa. Tena nianze kwa titi lisilouma sana, kwa kuwa mtoto mwenye njaa huvuta kwa nguvu. Kitana akakikataa kabisa. Uji naye akaukataa, akisema kwamba mtoto hahitaji chakula wala kinywaji kingine hata atimize miezi 6, wala hata maji. Kuhusu kucheua alisema kwamba kila mtoto hucheua, na kucheua hakuwezi kulidhuru titi.

Nalirudi nyumbani nikafanya hivyo. Siku ile ile maumivu yalipungua, na baada ya juma moja mipasuko ilikuwa imefunga. Nikamwonyesha mama mkwe namna ile. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Nimezaa sita, na hakuna aliyenionyesha." Neno lile lilinichoma moyo. Nalifikiri wakati ule kwamba anasikitikia ujana wake tu. Sikujua kwamba kulikuwa na neno jingine ndani yake.

Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84. Zilipokwisha nikarudi Mikumi kufundisha, na mama mkwe akaja pamoja nami ili amlee mjukuu wake nikiwa kazini. Nawakumbusha walimu wenzangu kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama anyonyeshaye ruhusa ya kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, hata kufikia saa 2 kwa siku. Mimi nalijua sheria hiyo, lakini nalione haya kuomba. Darasa langu lilikuwa na watoto wengi, na mwalimu mkuu alikuwa mwanamume. Basi nikafunga kifua kwa kanga na kusimama ubaoni tangu asubuhi hata alasiri, maziwa yakijaa na kuloanisha nguo.

Watu wa Kilosa wanaukumbuka mwisho wa mwaka 2009, Mto Mkondoa ulipojaa ukabomoa tuta na kuingia mjini, nyumba nyingi zikaharibika. Titi nalo, maziwa yakijaa na kukosa njia, ngozi na mifereji yake huvimba, na uvimbe huo huzidi kuibana njia. Siku ya nne ya kazi nalishikwa na baridi kali, meno yakigongana, viungo vyote vikauma. Nikasema, "Hii ni malaria," maana sisi wa bonde hili kila homa twaiita malaria. Nikapita katika duka moja la dawa, nikauziwa vidonge vya malaria bila kupimwa. Usiku titi la kushoto lilikuwa gumu, la moto, na lenye kung'aa upande mmoja, na chuchu yake haikuguswa.

Kesho yake nikaenda kupimwa. Damu haikuwa na malaria. Daktari akaniambia kwamba ni uvimbe wa titi, na kwamba huwapata mama wengi, hasa katika majuma ya kwanza 6, au wakati wo wote mtoto anapokosa kunyonya kwa saa nyingi. Chuchu iliyopasuka huweza kuwa mlango wa vijidudu kuingia. Akanipa dawa ya kuua vijidudu hivyo, akaniagiza niimalize yote hata nikijisikia nimepona, na parasetamoli ya kutuliza maumivu. Nikamwuliza kama nimwachishe mtoto. Akasema, "La, endelea kumnyonyesha kama kawaida, kwa titi lile lile. Maziwa yake hayamdhuru mtoto. Ukiacha ghafula, titi laweza kufanya jipu."

Hapa pana jambo ambalo mafundisho yake yamegeuka, nami nalitaja ili tusidhuriane kwa ujuzi wa zamani. Zamani mama mwenye uvimbe aliambiwa akande titi kwa nguvu, kwa maji ya moto, na kulikamua mpaka liwe tupu. Siku hizi waganga wengi wafundisha kwamba kukanda kwa nguvu huumiza nyama ya ndani na kuzidisha uvimbe, na kukamua kupita kiasi huliambia titi lifanye maziwa zaidi. Yafaa kitambaa chenye maji baridi, kupapasa kwa wepesi tu, kunyonyesha kwa kadiri ya mtoto, na kupumzika. Nami nalipofanya hivyo, homa ilipungua siku ya pili. Kisha nikamwendea mwalimu mkuu na kumwomba zile saa zangu. Akanipa mara moja, akasema, "Mbona hukuniambia?" Nikaona kwamba ukuta niliouogopa nalikuwa nimeujenga mwenyewe.

Naongeza neno kwa ajili ya mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, maana nao ni wa nyumba yetu. Mama atumiaye dawa zake kila siku hunyonyesha kama alivyoelekezwa kliniki. Lakini chuchu ikipasuka na kutoka damu, au titi likivimba, asimnyonyeshe mtoto kwa titi lile. Alikamue na kuyamwaga maziwa yake, anyonyeshe kwa titi lililo zima, na aende kliniki siku ile ile. Wala asiache dawa zake hata siku moja.

Sasa nafika kwenye neno lililonifanya niandike. Nilipopona, walimu wenzangu wanawake watatu walikuja kunitazama nyumbani, na mmoja wao alikuwa na mimba. Nikawaeleza yote niliyofundishwa, na mwisho nikawasomea katika daftari yangu dalili ambazo yule daktari aliniandikisha, za mtu kwenda hospitali bila kukawia. Mama mkwe alikuwa uani akipepeta mchele, nasi tulidhani hasikilizi.

Usiku, mume wangu alipokuwa amelala, alinigongea mlango. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha mtoto, akasema, "Mwanangu, ile dalili ya ukurutu wa upande mmoja, isome tena." Nikasoma tena: ukurutu au kidonda cha chuchu, upande mmoja tu, kwa mtu asiyenyonyesha, kisichopona kwa majuma mawili au matatu. Akanyamaza. Kisha akafungua kanga yake.

Chuchu yake ya kulia ilikuwa na magamba na wekundu mbichi, kama ngozi iliyochunwa, na ilikuwa imeanza kuzama ndani. Akaniambia kwamba kuwashwa kulianza zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Alidhani ni joto, kisha akadhani ni sabuni, akapaka mafuta ya nazi. Ikawa inapoa kidogo na kurudi. Kisha yakaja maumivu ya kuchoma, na matone ya maji yenye damu yaliyoshika nguo. "Ningemwambia nani?" akasema. "Mwanangu mwanamume? Mchungaji? Mimi mjane na mzee, niende nikamwonyeshe daktari kijana titi langu?" Nalikumbuka basi siku ile ya Kilosa aliponiambia nivumilie. Yeye mwenyewe alikuwa akivumilia chini ya kanga yake wakati ule ule, nami nalikuwa nikilala chumba cha pili.

Kulipopambazuka nikamwambia mume wangu. Hakusema neno, alikwenda kutafuta nauli. Hospitali ya kwanza ilimwangalia, ikampa barua ya kwenda mbele, tukapanda basi la Morogoro. Ninyi mnaojua njia ile mwafahamu kwamba barabara kuu hukata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, na wanyama huonekana dirishani. Mama mkwe hakuwa amenena tangu nyumbani. Karibu na barabara alisimama tembo jike, na mtoto wake akinyonya katikati ya miguu ya mbele, maana tembo ana matiti mawili kifuani kama mwanadamu. Basi likapunguza mwendo. Mama mkwe akamtazama mpaka alipotoweka, kisha akasema, "Huyo haoni haya." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka Morogoro.

Kutoka Morogoro tulipelekwa Dar es Salaam. Walikata kipande kidogo cha ngozi ya chuchu wakakipima. Ilikuwa saratani. Daktari alitueleza kwamba namna hii ya saratani, ianzayo kama ukurutu wa chuchu, iliandikwa kwanza na tabibu wa Uingereza aitwaye James Paget mwaka 1874, na hata leo hujulikana kwa jina lake. Si ya watu wengi, lakini hudanganya wengi, kwa kuwa yafanana na ugonjwa wa ngozi tu, na mara nyingi huwa ishara ya saratani nyingine iliyo ndani ya titi. Kwa mama mkwe ilikuwa imeshuka katika mifereji ya maziwa, ila haikuwa imefika kwapani. Waliliondoa titi lote.

Wengine wetu hudhani saratani ya matiti ni ugonjwa wa ng'ambo. Si hivyo. Kwa wanawake wa Tanzania ni saratani ya pili kwa wingi, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea. Pale Ocean Road, ufukoni mwa Dar es Salaam, katika hospitali iliyofunguliwa na Wadachi mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani ya taifa mwaka 1996, nimeona mabenchi yaliyojaa mama zetu wa kila kabila. Nalizungumza na wawili watatu wakati wa kungoja. Hapakuwa na mmoja aliyesema, Sikuwa na dalili. Wote walisema, Nilidhani itapoa.

Mama mkwe yu hai hata leo. Amerudi Kilosa kwake, analima mchicha wake, na kila anapokwenda kuangaliwa hupanda treni ya umeme, iliyoanza kusimama Kilosa mwaka 2024, akaisifu kwamba haimchoshi. Mwanzoni alikataa kwenda kanisani, akiona aibu kwa kifua chake. Sasa huketi na wazazi wapya, na kabla hajawapongeza huwauliza, "Chuchu zauma?" Mwenye kujibu siumwi, humtazama mabega.

Basi haya ndiyo yale ya daftari yangu. Yakatwe na yabandikwe ukutani kwa kila atakaye.

Kwanza, maumivu ya kunyonyesha yasiyopungua ingawa mtoto ameshikishwa vema kwa siku mbili tatu, au mipasuko isiyofunga. Muuguzi atazame pia chini ya ulimi wa mtoto, maana wako watoto ambao ulimi wao umefungwa na uzi mfupi, hawawezi kukamata.

Pili, chuchu inayowaka na kuchoma hata baada ya mtoto kuachia, hasa kama kinywani mwa mtoto mna utando mweupe usiofutika. Huenda ni ukungu, na mama na mtoto hutibiwa pamoja.

Tatu, homa au baridi pamoja na sehemu ya titi iliyo ngumu na ya moto. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani sana, kwa hiyo tumieni mkono kupima joto. Isipopungua kwa siku moja, au homa ikiwa kali, enda.

Nne, usaha, au uvimbe unaobaki baada ya kutibiwa. Huenda ni jipu, nalo hutolewa na daktari, si kwa wembe wa nyumbani.

Tano, mtoto asiyeongezeka uzito, au anayekojoa mara chache.

Sita, kwa mtu asiyenyonyesha: damu au maji yenye damu yatokayo chuchu moja, chuchu iliyozama ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, ukurutu au kidonda cha upande mmoja kisichopona, ngozi ya titi iliyokunjamana kama ganda la chungwa.

Saba, kivimbe cho chote kipya katika titi au kwapani, kiwe kinauma au hakiumi. Na mwanamume naye asijidhanie yu salama kabisa, maana saratani hii huwapata wanaume pia, ingawa ni wachache.

Siandiki haya ili kila mwenye kuumwa aogope. Chuchu huuma kabla ya hedhi, huuma mimba inapoanza, huuma kwa nguo yenye kusugua, na mara nyingi hupoa yenyewe. Katika nyumba yetu maumivu yangu yalikuwa ya kosa dogo la kushika mtoto, na ya mama mkwe yalikuwa ya mauti, na kwa nje yote mawili yalionekana kuwa jambo la kuvumiliwa. Mwenye kuumwa hawezi kuyapambanua akiwa peke yake gizani. Ayatoe mahali penye nuru, mwenye ujuzi ayatazame.

Ninyi akina baba, msiseme haya ni mambo ya wanawake. Nauli ya basi ilikuwa mkononi mwa mume wangu. Nanyi wachungaji na walimu wa dini, mwamkumbuka yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, aliyekuja nyuma ya Bwana kwa siri akagusa vazi lake. Bwana hakumwacha aende zake kimya. Alimtafuta katika mkutano, mpaka akamweleza kweli yote mbele ya watu, naye Bwana hakumwaibisha, bali alimwita binti. Na Hana alipomzaa Samweli alibaki nyumbani mpaka mtoto alipoacha kunyonya, na mume wake Elkana akamkubalia, wala hakuona kwamba kazi ya kunyonyesha ni ndogo kuliko safari ya dhabihu. Tukiwa na mifano kama hii, kwa nini nyumba zetu ziwe mahali pa kufichia maumivu?

Mama mkwe ameniambia niongeze neno hili mwishoni: kwamba titi moja alilobakiza lamtosha, maana mjukuu wa pili alipozaliwa alimlaza juu yake, akalala usingizi.

Nawaaga kwa amani ya Kristo.

Ni mimi mwenzenu,
Mwalimu na mama wa watoto wawili, Mikumi.